Kugundua Mapema Homa ya Ini Inaporudi kwa Mtu Aliyepandikizwa Ini

Mkazi wa Meru au Embu anapohitaji kupandikizwa ini, safari huwa ndefu. Wakenya wengi waliopata matibabu hayo waliyapata nje ya nchi, hasa India. Familia huuza mali, majirani na waumini huchanga katika harambee, na mara nyingi ndugu wa damu hukubali kutoa sehemu ya ini lake ili amwokoe mgonjwa. Baada ya miezi kadhaa mgonjwa hurudi nyumbani Nkubu, Maua, Runyenjes au Siakago akiwa na nguvu mpya, na jamaa humshukuru Mungu kwamba ugonjwa umekwisha.

Upasuaji umekwisha, ndiyo. Lakini ikiwa ini la kwanza liliharibiwa na virusi vya homa ya ini, ugonjwa ambao hospitalini huitwa hepatitisi, virusi hivyo huenda bado vimo mwilini. Vinaweza kulishambulia ini jipya kimyakimya, na likiharibika, kupata lingine ni vigumu kuliko mara ya kwanza. Habari njema ni kwamba siku hizi virusi vikigunduliwa mapema huzuiwa kwa vidonge. Makala haya yanaeleza kwa nini virusi hurudi, vipimo vinavyovifichua, na yale ambayo mgonjwa, familia na mhudumu wa afya wa kijijini wanapaswa kufanya.

Ini hutolewa, virusi hubaki

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu. Huchuja sumu kutoka kwenye damu, hutengeneza nyongo na protini zinazosaidia damu kuganda, na huhifadhi sukari ya kutumiwa na mwili. Virusi vya hepatitisi B na C huzaana ndani ya seli za ini kwa miaka mingi, mara nyingi bila mtu kuhisi chochote. Polepole ini hujaa makovu na kuwa gumu, hali inayoitwa sirosisi. Wengine hupata saratani ya ini.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na hepatitisi B na milioni 50 wakiishi na hepatitisi C, na kwamba homa ya ini ya virusi iliua watu milioni 1.3 mwaka huo. Kati ya kila maambukizi mapya 100 ya hepatitisi B duniani, 63 yalitokea katika kanda ya Afrika. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu sisi moja kwa moja.

Daktari wa upasuaji hulitoa ini lote lililoharibika. Hata hivyo virusi vya B hujificha pia katika damu na katika seli nyingine nje ya ini. Virusi vya C navyo huzunguka kwenye damu, na ini jipya linapoanza kupitisha damu hiyo, vinaweza kuliingia ndani ya saa chache. Isitoshe, mtu aliyepandikizwa hunywa dawa za kupunguza kinga ya mwili, kama vile takrolimasi, ili mwili usilikatae ini geni. Dawa hizo ni za lazima, lakini huwapunguza pia askari wa mwili ambao wangepambana na virusi. Ndiyo sababu homa ya ini kwa mtu huyu inaweza kwenda mbio kuliko ilivyokwenda hapo mwanzo.

Hepatitisi B: vidonge vya maisha yote

Upasuaji wa kwanza wa kupandikiza ini kwa binadamu ulifanywa na Thomas Starzl huko Denver, Marekani, mwaka 1963. Kwa miaka mingi baadaye hospitali nyingi zilisita kumpandikiza mgonjwa wa hepatitisi B, kwa sababu bila dawa za kuzuia, virusi vilirudi kwa takriban wagonjwa wanane kati ya kila kumi. Hali ilibadilika pale madaktari walipoanza kutumia sindano za kingamwili dhidi ya hepatitisi B, na baadaye vidonge vya kuzuia virusi. Leo, kwa mgonjwa anayetumia entekavia au tenofovia kila siku bila kukosa, virusi kurudi ni jambo la nadra.

Maneno ya kushika hapo ni “bila kukosa”. Dawa hizi huvizuia virusi kuzaana. Hazivifukuzi vyote mwilini. Mgonjwa akiacha vidonge kwa sababu anajisikia mzima, au kwa sababu dawa zimekwisha na nauli ya kwenda kuchukua nyingine haipo, virusi huamka. Hilo linaweza kutokea hata miaka kumi baada ya upasuaji.

Onyo jingine ni kuhusu kubadilisha dawa. Lamivudini ikitumiwa peke yake kwa muda mrefu, virusi vya B huizoea na kuacha kuitii. Kwa hiyo dawa isibadilishwe dukani kwa sababu tu iliyoandikwa haikupatikana. Wanaoishi pia na VVU mara nyingi hupata tenofovia ndani ya dawa zao za ARV. Nao wasiache wala kubadilishiwa dawa hizo kabla ya daktari kukumbuka kwamba ndizo zinazolilinda ini.

Kuna pia hali ambayo virusi huja na ini lenyewe. Ndugu aliyetoa sehemu ya ini lake huenda aliwahi kuambukizwa hepatitisi B akapona, lakini mabaki ya virusi yakabaki yamelala ndani ya seli za ini. Kipimo kinachoandikwa anti-HBc kwenye karatasi ya maabara huonyesha kama mtoaji aliwahi kuambukizwa. Ikiwa jibu lake lilikuwa na dalili hiyo, aliyepokea ini huhitaji kinga na ufuatiliaji, hata kama yeye mwenyewe hakuwahi kuugua homa ya ini. Uliza hospitali iliyokupandikiza ikupe jibu hilo kwa maandishi.

Hepatitisi C: inarudi, lakini inapona

Virusi vya hepatitisi C vilitambuliwa mwaka 1989. Mtu akipandikizwa ini akiwa bado na virusi hivi kwenye damu, ini jipya huambukizwa karibu kila mara. Zamani hilo lilikuwa pigo kubwa: bila tiba, wagonjwa wengi walirudi kwenye sirosisi ndani ya miaka michache. Sasa vipo vidonge, kwa mfano sofosbuvia ikichanganywa na velpatasvia, ambavyo humezwa kwa wiki 12 au zaidi kidogo na kuwaponya zaidi ya watu 90 kati ya kila 100, wakiwemo waliopandikizwa ini.

Ili kuthibitisha kupona, damu hupimwa wiki 12 baada ya kumaliza dawa. Virusi visipoonekana siku hiyo, mtu huhesabiwa kuwa amepona. Lakini hepatitisi C haina chanjo, na aliyepona anaweza kuambukizwa tena kwa sindano, wembe au chombo chochote chenye damu ya mwingine.

Dalili zisisubiriwe

Makosa mengi huanza hapa. Mtu husema, “Macho yangu hayajawa ya manjano, basi ini li salama.” Sivyo. Virusi vinaporudi, kwa wiki au miezi ya kwanza mgonjwa huweza kuchapa kazi shambani kama kawaida. Uchovu usioisha, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, maumivu chini ya mbavu za kulia, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kuwashwa mwili na manjano machoni huja baadaye, na wakati mwingine ini huwa tayari limeumia sana.

Tena dalili za mwanzo hufanana na za maradhi mengine. Mtu wa Mbeere au wa Tharaka anayehisi homa na uchovu hudhani ni malaria, akanunua dawa na kusubiri. Aliyepandikizwa ini asifanye hivyo. Apimwe malaria, na siku hiyohiyo apimwe ini.

Vipimo vinavyomfichua adui

Karatasi ya maabara huwa na herufi nyingi. Hizi ndizo muhimu kwako kuzielewa:

1. ALT na AST. Hivi ni vimeng'enya vilivyomo ndani ya seli za ini. Seli zikiumia, huvuja na kuingia kwenye damu, na kiwango hupanda. Ni kama kengele: inakuambia kuna tatizo, haikuambii ni nani aliyeingia. Pamoja navyo hupimwa bilirubini, ile rangi inayoyafanya macho kuwa ya manjano.

2. HBsAg. Hiki hutafuta ganda la nje la virusi vya hepatitisi B. Baada ya upandikizaji uliofanikiwa, kwa kawaida jibu huwa hasi. Likirejea kuwa chanya, hepatitisi B imerudi.

3. HBV DNA. Hiki huhesabu wingi wa virusi vya B kwenye damu, kama vile kipimo cha wingi wa virusi kinavyofanywa kwa wanaoishi na VVU. Kinaweza kuonyesha virusi vinaamka kabla kengele ya ALT haijalia.

4. HCV RNA. Hiki hutafuta virusi vyenyewe vya hepatitisi C. Usikichanganye na kipimo cha haraka cha kingamwili cha C. Aliyewahi kuugua hepatitisi C hubaki na kingamwili hizo hata baada ya kupona, kwa hiyo kipimo cha haraka kitasoma chanya daima na hakiwezi kueleza kama ugonjwa umerudi.

5. Hepatitisi D na E. Virusi vya D huishi tu kwa mtu mwenye B, kwa hiyo B ikirudi daktari huweza kuagiza D itafutwe. Virusi vya E huenezwa zaidi na maji machafu. Mlipuko mkubwa ulitokea katika kambi za wakimbizi za Dadaab mwaka 2012. Aina nyingine ya E hupatikana kwa nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri, na kwa mtu mwenye kinga iliyopunguzwa inaweza kukaa mwilini na kuwa sugu. Kwa mtu kama huyo kingamwili huenda zisionekane, ndiyo maana virusi vyenyewe hutafutwa.

6. Altrasaundi na kipimo cha ugumu wa ini. Altrasaundi huangalia mishipa ya damu, njia za nyongo na uvimbe. Kipimo cha ugumu huonyesha kama makovu yameanza, bila kumchoma mgonjwa sindano.

7. Kipande kidogo cha ini. Pale majibu ya damu yasipotosha, daktari huchukua kwa sindano kipande chembamba cha ini kikaangaliwe kwa darubini.

Je, ni virusi au mwili unalikataa ini?

ALT ikipanda kwa mtu aliyepandikizwa, washukiwa wakuu ni wawili: virusi vimerudi, au mwili umeanza kulikataa ini. Wote wawili hupandisha vimeng'enya, na wote wawili huweza kuleta manjano. Tiba zao, hata hivyo, zinakwenda pande tofauti. Mwili ukilikataa ini, daktari huongeza dawa za kupunguza kinga. Ikiwa tatizo ni virusi, kuongeza dawa hizo ni kuvifungulia mlango.

Wakati husaidia kidogo kukisia. Kukataliwa kwa ini kwa ghafla hutokea zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, au mgonjwa anaporuka dawa zake. Hepatitisi B hurudi wakati wowote vidonge vya kuzuia vinapoachwa. Lakini kukisia hakutoshi. Wingi wa virusi upimwe, kiwango cha takrolimasi kwenye damu kipimwe, na ikibidi kipande cha ini kichukuliwe. Damu ya kupima takrolimasi hutolewa asubuhi kabla ya kumeza dozi ya siku hiyo. Ukimeza kwanza, jibu litapotosha.

Ratiba ya kupimwa

Kila mgonjwa afuate ratiba aliyopewa na daktari wake. Kwa jumla huwa hivi:

Wiki za mwanzo: vipimo vya ini hufanywa mara nyingi, hata zaidi ya mara moja kwa wiki.

Baadaye katika mwaka wa kwanza: vipimo vya ini kila mwezi au karibu na hapo, HBsAg na HBV DNA kila miezi mitatu kwa aliyekuwa na hepatitisi B.

Baada ya mwaka wa kwanza: vipimo vya ini kila miezi mitatu hivi, HBsAg na HBV DNA kila miezi mitatu hadi sita, maisha yote.

Wakati wowote: ALT ikipanda, dozi zikikosekana kwa siku kadhaa, au dawa mpya ikianzishwa, pima bila kungoja tarehe ya kliniki.

Kwa mkazi wa hapa, umbali ni sehemu ya ugonjwa. Kutoka Embu hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 120, na kutoka Meru ni zaidi ya kilomita 200. Si lazima kila kipimo kifuatwe huko. Vipimo vya kawaida vya ini na HBsAg ni kazi ya kila siku katika maabara za hospitali zetu za rufaa, Meru na Embu. Kwa vipimo vya wingi wa virusi na vya takrolimasi, uliza mapema kama sampuli itapelekwa maabara nyingine na jibu litachukua siku ngapi, ili lifike kabla ya tarehe ya kumwona daktari. Pia jisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na uulize kwenye dawati lake hospitalini ni huduma zipi zinalipiwa.

Weka daftari moja. Andika tarehe, jibu la ALT, HBsAg, wingi wa virusi na dozi ya dawa. ALT ya 60 huenda isimshtue mhudumu asiyekujua. Lakini daftari likionyesha kwamba kwa mwaka mzima ilikuwa 20, kila mtu ataona kuna kilichobadilika.

Mambo ya kwetu yanayoweza kupotosha au kudhuru

Dawa za hospitali. Rifampisini ya kifua kikuu, na baadhi ya dawa za kifafa, hushusha kiwango cha takrolimasi na kuliacha ini bila ulinzi. Klarithromaisini, erithromaisini na flukonazoli hukipandisha hadi kudhuru figo. Mwambie kila anayekuandikia dawa, hata ya jino, kwamba umepandikizwa ini.

Dawa za miti. Majani na mizizi vina kemikali kama dawa nyingine yoyote. Baadhi hudhuru ini moja kwa moja, na nyingine huvuruga takrolimasi. Kisha ALT inapopanda, daktari hutafuta virusi ambavyo havipo. Usitumie, na kama umeshatumia, sema. Hutakemewa.

Miraa. Igembe na Tigania tunajua kwamba miraa husomesha watoto, na makala haya hayapingi biashara hiyo. Lakini mwaka 2010 madaktari nchini Uingereza walieleza kuhusu watafunaji wa miraa waliopata madhara makubwa ya ini bila virusi kuonekana. Aliyepandikizwa ini asitafune.

Pombe. Iwe ya chupa, muratina au chang'aa, haina nafasi kwa ini lililopandikizwa.

Mahindi yenye ukungu. Sumukuvu iliua watu 125 katika eneo la Mashariki mwaka 2004, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui. Sumu hiyo ikikutana na hepatitisi B, hatari ya saratani ya ini huongezeka mara nyingi. Mahindi yakaushwe hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, yasimwagwe juu ya udongo mtupu, na yenye ukungu yasiliwe wala yasipewe mifugo.

Wajibu wa familia na majirani

Hepatitisi B haienezwi kwa kusalimiana, kula sahani moja wala kulala nyumba moja. Huenezwa kwa damu, kwa ngono, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kujifungua. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa. Usitumie wembe, mswaki au kikata kucha cha mwingine. Mume au mke, watoto, ndugu wa tumbo moja na mama wa mgonjwa wapimwe HBsAg. Wasio na virusi wachanjwe. Chanjo ya watu wazima hutolewa kwa dozi tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Watoto wachanga huipata ndani ya chanjo mseto ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na mzazi ahakikishe zote tatu zimeandikwa kwenye kijitabu cha kliniki.

Familia iliyochangisha fedha za upasuaji ikumbuke kwamba harambee isiishie uwanja wa ndege. Kamati itenge mapema fedha za vidonge, vipimo na nauli za angalau mwaka wa kwanza.

Kwa wahudumu wa zahanati na wahamasishaji wa afya ya jamii

Mnapomtembelea mtu aliyepandikizwa ini, muulizeni mambo manne: Dawa zimebaki za siku ngapi? Dozi ngapi zimekosekana mwezi huu? Kipimo cha mwisho cha ini kilifanywa lini? Kuna dawa yoyote mpya, ya duka au ya miti? Vidonge vikibaki vya chini ya wiki mbili, safari ya kuvitafuta ianze. Akiwa na manjano machoni, homa, kuchanganyikiwa, kutapika damu au choo cheusi, apelekwe hospitali ya rufaa siku hiyohiyo, na daftari lake liende naye.

Damu ya dakika chache kila miezi mitatu hulilinda ini ambalo jamaa alikatwa mwili ili kulitoa. Kwa maelezo zaidi na vipimo, fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe au zungumza na mhamasishaji wa afya wa kijiji chako.